Bia za Brussels: kaa kaunta, waachie wenyeji wakuagizie

Nianze na onyo ndo nije kwenye sifa. Ukienda Brussels kwa ajili ya bia usianzie zile baa zilizoizunguka Grand-Place, ule uwanja mkuu wa katikati ya mji, zenye menyu ya lugha sita na picha za glasi. Kuna moja nilikaa, jina naliacha, weita akaniletea bia ya matunda tamu kama sharubati ya dukani, nikamuuliza kama kuna isiyo na sukari akanijibu kwa mabega, halafu bili ikaja na maji ndani ambayo hakuna aliyenambia yanalipiwa. Mtu akiishia hapo atarudi kwao akisema bia ya Ubelgiji ni jina tu, na mi nitamwelewa kabisa, ila atakuwa hajaiona. Vitu vizuri vya huu mji haviko kwenye menyu, viko kwa watu, na watu wenyewe mwanzoni wamenyamaza kila mtu na glasi yake, unaweza ukadhani wana maringo. Uliza swali moja tu kuhusu hiyo glasi. Moja tu.

Mimi wa kwanza kunifungulia mlango hakuwa Mbelgiji wa kuzaliwa, alikuwa papa mmoja (Wakongo ndo wanavyomwita mzee) wa Lubumbashi nilokutana naye Matonge, ule mtaa wa Wakongo kule Ixelles. Ukishuka metro Porte de Namur ukaingia vichochoroni unasikia Kilingala, Kifaransa, na ukibahatika Kiswahili cha Katanga, ambacho kwa mtu wa pwani kama mimi unakifuata huku unachechemea lakini unafika. Pale karibu kuna uwanja wa Patrice Lumumba uliozinduliwa 2018, nimesimama naongea na nyumbani kwa simu, nakata tu nasikia nyuma yangu, "Weye mtoto, unatoka wapi?" Basi ikawa ndo imetoka hiyo. Nikamwambia papa, mi natafuta bia za krafti, hizi za viwanda vidogo vidogo. Akacheka sana. Akasema mtoto wangu, huku vidogo ndo vilikuwa vyenyewe tangu zamani, hivyo vikubwa vimekuja juzi. Kesho kula vizuri asubuhi, nakupeleka kwenye bia iliyochacha.

Nikajua ananitania.

Hakuwa anatania. Alinipeleka Cantillon, iko Anderlecht, kutoka stesheni ya Gare du Midi ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu, mtaa wenyewe wa kawaida kabisa, ukipita haraka unaupita mlango. Kiwanda kimeanza 1900, bado ni cha familia, na tangu 1978 kimefungua milango kama makumbusho ya gueuze, ile bia chachu ya chupa nitakayoieleza, lakini usidhani ni makumbusho ya vioo na kamba za kukuzuia, ni kiwanda kinachopika na kufungasha, unatembea katikati ya mapipa unakwepa mabomba na wafanyakazi wanakusalimia wakipita. Unapewa karatasi ya maelezo unajizungukia mwenyewe na mwisho unaonja. Harufu yake ni ya mbao iliyolowa, ngozi ya tufaha na kitu kama stoo ya bibi, na juu kwenye boriti utando wa buibui umejaa na hawaufagii, kwa sababu buibui ndo askari wao, wanakamata vile vinzi vidogo vinavyofuata matunda.

Sasa hapa naomba mnivumilie kidogo maana hii ndo sehemu iliyonifanya niandike. Wanachukua kimea cha shayiri kama theluthi mbili na ngano mbichi theluthi moja, wanachemsha masaa mengi na hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu, zilizokaa miaka, zimezeeka makusudi ili uchungu uishe ibaki ile nguvu yake ya kuzuia bia kuharibika. Halafu ule uji, yaani maji matamu ya nafaka, unapandishwa darini, unamwagwa kwenye sinia kubwa la shaba, pana na halina kina, juu yake paa lina vipenyo vya hewa, na watu wanaenda zao kulala. Basi. Hakuna anayetia hamira. Hewa ya usiku wa Brussels inaingia na hamira zake za porini, zinadondokea mle, asubuhi uji umepoa na umeshaambukizwa, unaingia kwenye mapipa ya mwaloni kukaa mwaka, miwili, mitatu. Wanapika miezi ya baridi tu, kuanzia kama Oktoba hadi mwanzoni mwa masika ya kule, maana usiku ukiwa na joto wanaingia wadudu wasiotakiwa na mzigo wote unaharibika. Na katika hizo hamira kuna moja wanasayansi wameiita kwa jina la mji wenyewe, Brettanomyces bruxellensis, ndo inayoleta ile harufu ya zizi la farasi ambayo mwanzo unakunja pua halafu baadaye unaitafuta mwenyewe.

Papa ananielezea haya yote mi moyoni nasema huyu mbona ananisimulia mnazi! Mgema naye hatii kitu, anaweka kibuyu juu, utomvu unadondoka, hewa inafanya kazi yake, asubuhi tamu jioni kali, kesho yake siki. Tofauti ni subira, mnazi haukungoji hata siku mbili na hawa bia yao wanaingoja miaka mitatu. Nikamwambia, akapiga meza, akamwita jamaa wa kaunta akamtafsiria kwa Kifaransa, yule jamaa akaacha kufuta glasi akaanza kuniuliza maswali, mti gani, unapandwa vipi, kibuyu kinaoshwa au hakioshwi. Hapo ndo nikaona huu mji unavyofunguka. Dakika tano baadaye nina glasi tatu mbele yangu ambazo sijaagiza, lambic, ndo jina la hiyo bia ya mapipa, ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu, anataka mtu wa mnazi amwambie anaonaje.

Naonaje? Ya mwaka mmoja bado ina utamu utamu na uchachu wa limao, haina gesi kabisa wala povu, imetulia kwenye glasi kama juisi ya tufaha, mtu asiyejua atasema imelala. Ya miwili imekauka, uchachu unakukamata kwenye taya. Ya mitatu imezeeka vizuri, uchachu umerudi nyuma unasikia mbao, maganda ya machungwa, chumvi kwa mbali. Halafu wanazichanganya zote tatu, ile changa ina sukari bado kwa hiyo ndani ya chupa inaendelea kuchacha na kutengeneza gesi yake yenyewe, na hiyo ndo gueuze, chupa yake nene ina kizibo kama ya shampeni. Inayotiwa matunda ya cheri ndo kriek, nayo chachu kweli kweli, mbali kabisa na ile sharubati ya weita wa mabega.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sasa hawa wamesifiwa mpaka Marekani na Japani, chupa zao watu wanazigombania, na bado ladha iko vile. Mi hilo nimelipa nyota zote. Wanachokosa ni muda tu, wanafunga mapema jioni na kuna siku za wiki hawafungui kabisa, kwa hiyo angalia kabla hujatoka, na Jumamosi kunajaa hadi huwezi kuongea na mtu, na bila kuongea na mtu umepoteza nusu ya safari.

Kutoka pale ukitaka kubadilisha mdomo kuna L'Ermitage, kiwanda kidogo cha vijana, jirani tu, unaenda kwa miguu. Bia zao ni za kisasa, hopsi nyingi, meza za mbao, muziki. Nzuri, sina neno, ila nitakuwa mkweli, bia za aina hiyo sasa hivi utazipata mji wowote mkubwa duniani na sikupanda ndege kwa ajili hiyo. Brussels Beer Project nao walianza 2013 kwa kuchangiwa na watu wa kawaida, wana moja inaitwa Babylone inayopikwa na mikate iliyobaki bila kuuzwa, wazo zuri kuliko ladha kwa maoni yangu, lakini mabinti wawili waliokaa pembeni yangu walinibishia mpaka tukafunga, kwa hiyo kaionje mwenyewe.

Moyo wangu mimi uko baa ya Moeder Lambic pale Place Fontainas. Bomba zaidi ya 40, na wahudumu wanajua kila moja imetoka kwa nani. Ukisema "nipe bia" hawakupi, wanakuuliza unapenda nini, kichachu, kichungu, kizito, wanakuonjesha kidogo kwanza. Kaa kaunta, usikae meza! Siku niliyokaa kaunta jirani yangu alikuwa mama wa makamo na mbwa wake amelala chini ya stuli, akaniona nashika chupa ya gueuze naiinua kama soda, akaniwekea mkono, non non monsieur. Akaomba kikapu. Wana vikapu vidogo vya kulaza chupa ya gueuze, inatoka stoo imelala na inabaki imelala, ili mashapo yasivurugike, unaifungua hapo hapo ikiwa imelala (mi nilikuwa na hakika itamwagika yote, haikumwagika) kisha unamimina polepole bila kuirudisha wima, unaacha kidole kimoja chini na mashapo yake. Glasi kwanza inasuuzwa kwa maji baridi. Akanimiminia, akamimina na yake kutoka chupa yangu bila kuniuliza, akasema hiyo ndo ada ya shule. Tukaletewa vipande vya jibini na haradali na chumvi ya seleri ya kuchovya, na nakwambia gueuze na jibini ni ndoa, sikutaka chakula kingine usiku huo.

Yeye ndo alinituma Brasserie de la Senne, kiwanda kiko eneo la Tour & Taxis na wana baa hapo hapo. Akanambia wewe wa nchi ya joto kunywa Taras Boulba. Alipatia. Asilimia 4.5 tu, chungu, kavu, nyepesi, unaweza ukanywa mchana ukarudi na akili zako. Hili wengi hawalijui, wanadhani bia ya Ubelgiji lazima ikuangushe, na kweli nyingi ni asilimia 8 au 9 na zinateremka kama maji, unasimama kwenda msalani ndo unagundua miguu si yako. Ile Zinnebir yao ni kali kidogo zaidi na ndo wenyeji wengi niliowaona wanaiagiza bila kufungua menyu.

Baa ya À la Mort Subite nendeni kwa ajili ya ukumbi tu, vioo virefu, nguzo, meza za kubanana, hapo pamekuwepo tangu 1928 na wahudumu wana ukali wao wa kizee ambao ukiuzoea unaupenda. Delirium, ile baa yenye nembo ya tembo wa pinki, iliingia kitabu cha Guinness 2004 kwa menyu ya bia 2004, nimeenda, kelele, vijana wa watalii, nimetoka.

Malalamiko madogo. Bei, glasi ya robo lita kwenye baa nzuri ilikuwa euro 4 mpaka 6 nilikopita, chupa kubwa za lambic zinapanda sana, ukibadilisha kwa hela ya kwetu kichwani utashindwa kunywa kwa hiyo acha kubadilisha. Choo baa nyingi unalipa senti, weka sarafu mfukoni. Lugha, Kifaransa cha salamu kinatosha, na Kiingereza wanakijua wengi, ila ukianza na bonjour uso unabadilika, ukianza na Kiingereza moja kwa moja unapata huduma ya mtalii. Na kila bia ina glasi yake, weita akikosa glasi sahihi atakwambia subiri ioshwe, usikasirike, kwao hilo si swaga, ni kazi.

Na kama mko wawili au hata uko peke yako, agiza chupa ya sentilita 75 halafu omba glasi mbili za ziada uziweke kaunta pembeni ya chupa. Peke yako huimalizi na ukiimaliza umejitakia. Mi kila nilipofanya hivyo kuna mtu aliuliza hiyo ni ya mwaka gani, nikamsogezea glasi, na kabla chupa haijaisha nilikuwa nimeandikiwa kwenye kitambaa cha karatasi jina la baa nyingine na siku ya kwenda.