Baiskeli ya mbio kwa hela ya kawaida: soma namba ya tairi kabla ya kulipa

Baiskeli iliyonifundisha kusoma namba imening'inia ukutani nyumbani kwa mama, Tabata. Ni ya kupendeza: fremu ya chuma chembamba kutoka Japani, rangi ya bluu, usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Niliinunua laki tatu na nusu, na wiki tatu za mwanzo nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri bila kengele ili nikaiendeshe kabla magari hayajajaa. Wiki ya nne, nikiwa nimeshapita Bunju kuelekea Bagamoyo, kipande cha chupa kikachana tairi la nyuma ubavuni. Tundu la kuingiza kidole.

Nikaisukuma hadi kwa fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa chini ya mwarobaini. Akalivua tairi, akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akasoma maandishi, akatikisa kichwa. "Mwanangu, pancha naziba. Ila tairi la namna hii madukani sijaliona siku nyingi." Akaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani ili kishike lile tundu, akaniambia nirudi mjini polepole na nisipite kwenye mashimo.

Kesho yake nikaenda Kariakoo. Duka la kwanza wakanitolea tairi la 700. Vijana wawili walilivuta kwa vijiko mpaka jasho likawatoka, upande mmoja ukiingia mwingine unachomoka. Duka la pili wakasema chukua la 28, lile la Phoenix, ni kubwa kidogo, haliwezi kukataa. Kweli halikukataa, liliingia kirahisi mno. Tukajaza upepo. Lilipoanza kukaza likaruka kutoka kwenye ringi na tyubu ikapasuka kwa kishindo, watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Namshukuru Mungu lilinirukia pale dukani, si nikiwa nateremka kwa kasi huku lori liko nyuma yangu.

Nikampigia aliyeniuzia. Akanijibu, "Dada, mimi nilikuuzia baiskeli. Tairi ni kitu cha kuisha." Akakata simu.

Naandika haya sasa kwa sababu tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali, Septemba 2025, mara ya kwanza kuja Afrika, ninaletewa picha za baiskeli za mtumba karibu kila wiki. Picha ya fremu, picha ya gia, picha ya jina la kampuni, kisha swali: dada, hii inafaa? Hakuna aliyewahi kunitumia picha ya ubavu wa tairi bila kuombwa. Sitazungumzia uzito, idadi ya gia wala rangi, mambo hayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa, na gia 14 zilizokaa sawa zinatosha kukufikisha Bagamoyo na kukurudisha. Mimi nataka uiname usome.

Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati, mfano 25-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokalia, na hiyo ndiyo inayoamua kama baiskeli yako itaendelea kutembea mwaka ujao. 622 ndiyo watu wanaita 700C. 630 ni "inchi 27" ya zamani, ile ya baiskeli yangu ya bluu, iliyofungwa kwenye baiskeli nyingi za mbio za Uingereza, Marekani na Japani za miaka ya 1970 na 1980. Wajapani wanaitumia pia kwenye baiskeli zao za mjini, zile zilizoandikwa 27 x 1 3/8, ndiyo maana inatufikia sana kwenye mitumba. 635 ni 28 x 1 1/2, tairi la Phoenix na Avon, lile alilobebea baba magunia.

Kati ya 622 na 630 ni milimita 8 tu. Ukizisimamisha ringi mbili bega kwa bega, tofauti ni milimita 4 kila upande, jicho haliioni. Lakini ndani ya kingo za tairi kuna waya, na waya huo hautanuki. Tairi la 622 halipandi ringi ya 630. La 635 linapanda, kisha linakurukia. Tyubu ndiyo inayonyumbulika, tyubu moja inaingia kote kuwili, na hapo ndipo wauzaji wanapotufunga macho. Utauliza spea, muuzaji atakwambia "mbona tyubu zipo tele", naye hasemi uongo. Wewe usiulize tyubu. Uliza tairi, na umwambie akuoneshe.

Faida ya 622 ni kwamba inasaidiwa na baiskeli nyingine. Za milimani za inchi 29 zina ringi ya kipenyo hichohicho, na zile za usukani ulionyooka za kwendea kazini nazo ni 622. Kwa hiyo hata ukikosa tairi jembamba, utapata la 700 x 35 na, kama fremu ina nafasi, utaendelea na safari. Ila usiende dukani ukataja "28" kwa mdomo. Yapo matairi ya 622 yaliyoandikwa 28 x 1 5/8 x 1 3/8, na ya 635 nayo yanaitwa 28. Namba yenye kistari haina utata. Kama tairi limesagika hata maandishi hayasomeki, tafuta kwenye ringi yenyewe, nyingi zimegongwa chapa ya 700C au 622. Ukikosa kote, ondoka. Najua inauma kuiacha baiskeli nzuri, lakini yangu ilikuwa nzuri pia.

Haya, twende kwenye chaguo zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza kwangu ni Giant, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii. Ni ya Taiwan, ilianzishwa 1972, na kwa miaka mingi imetengenezea baiskeli kampuni nyingine zenye majina makubwa, Schwinn ikiwemo. Kwenye mitumba tafuta modeli za OCR au SCR, ambazo ni ndugu, au Defy za mwanzo. Fremu ni aluminiamu, ringi 622, vifaa vya gia ni vya Shimano vinavyojulikana kwa mafundi. Kinachonifunga kwao zaidi ni bomba la juu la fremu, ambalo linateremka kuelekea kwenye siti badala ya kulala sawa. Mimi nina sentimita 157. Kwenye baiskeli nyingi za zamani nikisimama miguu miwili chini bomba linanigusa pasipofaa, kwenye OCR yangu hapana. Nilimpata nayo kijana mmoja aliyekuwa anahama mji, laki tano na themanini, baada ya kumfanya aigeuze juu chini tusome matairi pamoja. Sijawahi kujuta hata siku moja. Tahadhari moja tu: baadhi ya Defy za baadaye na Contend zina bomba la siti lenye umbo la herufi D, si la mviringo. Likipotea au likivunjika hutapata la kufanana nalo mtaani, kwa hiyo hakikisha lipo na ni zima.

Ya pili ni chuma cha Kijapani chenye ringi ya 622: Miyata, Fuji, Panasonic, Bridgestone. Fremu hizi zinadumu kupita umri wa mwenye nazo, na chuma kikipasuka kuna fundi wa kuchomelea anayeweza kukiunganisha, jambo ambalo kwa aluminiamu usilitegemee mtaani kwetu. Kama tayari una ya 630 kama mimi, usiitupe. Angalia mipira ya breki: ikiwa inaweza kushushwa milimita 4 kwenye tundu lake, unaweza kufunga magurudumu ya 622. Pima pia nafasi ya gurudumu la nyuma kati ya ncha mbili za fremu. Za zamani mara nyingi ni milimita 126, habu za baadaye, yaani vitovu vya gurudumu, ni 130. Chuma kinakubali kutanuliwa kiasi hicho na fundi mwenye mkono mtulivu. Yangu inangoja magurudumu, na breki zake nimeshazipima, zinafika.

Kabla ya kulipia chuma chochote cha zamani, hasa huku Pwani, mwambie muuzaji alegeze nati ya siti na ulizungushe bomba kwa mkono wako. Bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, likikaa na hewa ya chumvi bila grisi, linashikana kama limechomelewa. Usikubali "fundi atalitoa".

Ya tatu ni za usukani ulionyooka, Giant Escape na Trek FX. Si za mbio hasa, nakubali, lakini ringi ni 622 na zinapokea matairi mapana. Kama njia yako ina mchanga na kingo za lami zilizobomoka, chukua hii kabla ya zote nilizotaja.

Trek za 1.1 na 1.2 na Specialized Allez ni baiskeli nzuri, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni bei. Jina likisomeka vizuri kwenye fremu, muuzaji anaongeza laki mbili, hata kama gia ya nyuma imeng'olewa ikawekwa nyingine isiyo na jina. Raleigh na Peugeot za zamani nazo zinapendwa na wazee wetu, lakini nyingi zina ringi za inchi 27, na Peugeot za kale zina nyuzi za parafujo za Kifaransa pale pedeli zinapopita kwenye fremu. Kikombe cha gololi kikiisha hapo, utazunguka nchi nzima ukitafuta kingine.

Mpya za bei ya chini zenye umbo la mbio na majina ya kubandika: nilikodi moja siku mbili na breki zake hazikunisimamisha mteremkoni. Inatosha.

Wauzaji sasa. Wapo waungwana, na ninaowaamini narudi kwao. Lakini kuna mchezo unanikera mpaka leo. Ukifika na kofia ya baiskeli mkononi bei inapanda, ukifika mwanamke inapanda tena, kisha unaambiwa "hii imetoka Ulaya juzi" ilhali rangi ya kupuliza imeingia hadi kwenye cheni. Ukitaka kuijaribu, unaambiwa uache hela kwanza. Ukiuliza tairi, unaoneshwa kiti. Halafu hiyohiyo baiskeli, kaka yangu akienda kesho yake, bei imepungua kwa elfu themanini. Nimefanya jaribio hilo mara mbili, kwa wauzaji wawili tofauti. Mtu anayejinyima miezi sita kukusanya laki nne hastahili kuuziwa kitu ambacho muuzaji anajua hakina spea nchini. Na anajua, kwa sababu yeye mwenyewe alihangaika kukitafutia tairi la kusimamia dukani.

Kwa hiyo nenda na mtu, nenda asubuhi kwenye mwanga, na usitoe hela kabla hujaigeuza baiskeli juu chini. Beba na kile kichwa kidogo cha shaba cha kuunganishia pampu, maana tyubu nyingi za baiskeli hizi zina mdomo mwembamba ambao pampu ya fundi wa kawaida haiushiki. Ni kitu cha bei ndogo, na bila hicho utakosa upepo mbele ya pampu tano.

Jana usiku msomaji mmoja wa Morogoro alinitumia picha. Nyekundu, imeng'arishwa, muuzaji anataka laki nne na anasema kuna mteja mwingine njiani. Nilimwomba arudi apige picha ya ubavu wa tairi la mbele. Asubuhi ikaja, ina kivuli lakini inasomeka: 32-630. Nimemwambia aiache, hata huyo mteja mwingine akifika.