Boksi la udongo wa kuchezea la tabaka za dunia: uzoefu wangu

Nimelitumia boksi hili na wanangu wawili, mmoja wa darasa la tatu na mwingine wa la tano. Nalipendekeza kwa mzazi anayetaka mtoto aelewe dunia ilivyo ndani badala ya kukariri majina. Ila ulinunue ukijua kwamba udongo wa kutengenezea koti la dunia, yaani tabaka nene lililo kati ya ganda la juu na kiini cha katikati, hautoshi, na upungufu huo unapotosha somo lenyewe.

Nililipata kwenye steshenari moja Kariakoo kwa shilingi 18,000. Ndani kuna vipande vinne vya udongo: njano ya kiini cha ndani, rangi ya chungwa ya kiini cha nje, nyekundu ya koti na kahawia ya ganda. Kuna pia kisu cha plastiki na karatasi ya maelekezo. Udongo wenyewe ni mzuri: hauna harufu kali wala haukauki haraka, na rangi haigandi mikononi.

Tatizo ni kwamba vipande vyote vinne vina ukubwa sawa. Mtoto akifuata karatasi, kiini cha ndani kinakuwa donge linalojaza zaidi ya nusu ya upana wa mpira, na koti linabaki utando tu. Ukweli ni kinyume chake kabisa. Kutoka juu hadi katikati ya dunia ni kama kilomita 6,370, na koti peke yake linachukua karibu 2,900. Kwa ujazo, koti ni zaidi ya asilimia 80 ya dunia yote, wakati kiini cha ndani hakifiki hata asilimia moja.

Kwa hiyo koti tulilikanda wenyewe: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta, rangi nyekundu ya chakula, na maji kidogo kidogo mpaka unga ukashikana. Halafu tukachukua rula, tukakubaliana kila milimita iwe kilomita 200. Kiini cha ndani kikawa na upana wa milimita 12, kiini chote 35, mpira mzima 64. Kufika kwenye ganda, tukakwama. Chini ya nchi kavu unene wake mara nyingi ni kilomita 30 hadi 50, yaani robo ya milimita au pungufu, na hakuna udongo unaosukumika ukawa mwembamba hivyo. Tukapaka rangi ya maji kwa brashi, basi.

Binti yangu aliutazama mpira ule, akaniuliza: "Mama, sasa Kilimanjaro iko wapi hapa?" Mlima wa mita 5,895, kwa kipimo chetu, hauonekani hata kwa kukodoa macho. Kaka yake akataka kujua kama kuna mtu aliyewahi kuchimba hadi katikati. Shimo refu kuliko yote kwenda chini, lile la Kola kule Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989, na halikumaliza hata ganda. Yaliyo chini zaidi tumeyajua kwa kusoma mawimbi ya matetemeko yanavyopita na kupinda. Ndivyo mwanasayansi Inga Lehmann wa Denmark alivyogundua kiini cha ndani mwaka 1936. Maswali haya yalitoka kwa watoto wenyewe, na kwangu hiyo ndiyo thamani ya boksi hili.

Karatasi ya maelekezo nayo irekebishwe. Imeandika kwamba koti ni lava inayochemka. Sivyo: sehemu kubwa ni mwamba mgumu unaosogea polepole mno, na huyeyuka mahali pachache tu. Kilicho kimiminika ni kiini cha nje, ambacho ni chuma na nikeli.

Kwa joto la Dar, weka mpira kwenye friji nusu saa kabla ya kuukata. Kisu cha plastiki kiache, kinaburuta rangi na kuchanganya tabaka. Tumia uzi wa kushonea: uzungushe katikati ya mpira, vuta ncha mbili kwa pamoja, na kila tabaka itatokea na mpaka wake safi.

Kuanzia miaka minane hivi mtoto atafaidi. Kama nyumbani kuna mdogo zaidi, kiini cha ndani ni kidogo kiasi cha kumezeka, kwa hiyo usimwache nacho peke yake.