Ubao wa Wii katika kazi ya kupima uthabiti wa mwili

Wii Balance Board, ubao wa kusimamia ambao kampuni ya Nintendo iliutoa mwaka 2007 kwa ajili ya michezo ya video ya sebuleni, umegeuka kuwa kifaa nafuu cha kupima uthabiti wa mtu aliyesimama. Vihisio vinne vilivyo kwenye pembe zake husoma mgawanyo wa uzito, na kutokana na vipimo hivyo kompyuta huchora jinsi kitovu cha shinikizo la nyayo, yaani pale uzito wa mwili unapoelemea, kinavyoyumba. Mwaka 2010 watafiti wa Australia waliulinganisha na bamba la maabara la kupimia nguvu za nyayo, ambalo bei yake ni kubwa mara nyingi zaidi, wakaona matokeo yanakaribiana. Ila waliopimwa walikuwa vijana. Mzee kwa kawaida huyumba zaidi, hasa akifumba macho, na ubao huu hauna pa kushika, kwa hiyo asipimwe bila msaidizi kando yake. Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba husoma nguvu ya wima pekee, si ile ya kusukuma pembeni, na hutuma vipimo kwa vipindi visivyo sawa. Hata hivyo, kwa kufuatilia maendeleo ya mgonjwa yuleyule ningeununua hata uliotumika, mradi kwanza ujaribiwe kwa mizigo ambayo uzito wake unajulikana.