Wakala "pekee aliyeidhinishwa" na kipande kisichojaza kiganja

Baiskeli yenyewe sina ugomvi nayo. Mlima wa Chuo Kikuu nilikuwa naupanda huku napiga soga. Ugomvi wangu ni na duka, lile lenye bango la "wakala pekee aliyeidhinishwa" hapa Dar. Jina silitaji, wao wanajijua.

Miezi kadhaa iliyopita bodaboda iliiparamia baiskeli yangu ikiwa imeegeshwa, ikaangukia upande wa gia. Kikavunjika kile kipande cha alumini kinachoning'iniza gia ya nyuma, ile mashine inayohamisha cheni, kwenye fremu. Kipande hicho hutengenezwa laini makusudi, kivunjike chenyewe ili fremu ipone. Sawa, kilifanya kazi yake. Shida ni kwamba fremu nyingi kila moja ina cha kwake, kwa umbo na matundu, kwa hiyo Kariakoo nilizunguka nikaambulia jasho. Kilichobaki ni wakala.

Kijana wa kaunta hata macho hakuyainua kwenye simu. "Risiti?" Nikampa. Akaipindua baiskeli, akasoma namba iliyogongwa chini ya fremu. "Waranti ni ya fremu tu, braza." Nikamwambia sikuja kuomba cha bure, niuzie. Akacheka! "Hii siyo Phoenix. Vipuri vinaagizwa. Lipa yote kwanza, mzigo ukija tutakupigia." Unakuja lini? "Tutakupigia."

Nikalipa. Mpaka leo simu haijaita. Jamani, hawa wamepewa kuuza peke yao, bei wameipandisha eti tunalipia na huduma, huduma yenyewe ndiyo hii? Ukutani wamejaza helmeti na chupa za maji za kila rangi, ila kipuri kisichojaza hata kiganja hawana. Hiyo Phoenix anayoidharau, vipuri vyake vipo hata kwa fundi wa chini ya mwembe.

Na fundi wa namna hiyo, wa Ilala, ndiye aliyeniokoa. Mzee wa watu aliing'oa gia ya nyuma, akakata cheni, akaifupisha, akaifunga kwenye duara moja la meno, la katikati. "Mwanangu, utaendesha kama sisi enzi za baiskeli za Swala." Nikamshukuru. Mlima wa Chuo sasa nashuka kwenye baiskeli, naisukuma.

Nilikuwa nimeweka nyota moja. Lakini haki yao niwape: siku ya kununua, fundi wao aliifunga kutoka kwenye boksi mbele yangu, akakaza kila nati, akanipimia kiti, na rimu hazijayumba hata kidogo tangu siku hiyo. Kwingine unakabidhiwa tu, ukakazie nyumbani. Basi ziwe mbili... Hapana. Nimekikumbuka kile kicheko. Moja, na hiyo apewe fundi aliyeko kule nyuma, siyo yule wa kaunta.

Ukienda, kabla hujatoa hela waambie wakuuzie na hicho kipande cha akiba siku hiyohiyo, mkononi. Wakikwambia hakipo, ondoka na hela zako.