Programu ya ramani ilisema njia ni "rahisi": uzoefu wangu wa siku moja ya maporomoko ya maji

Nianze na hukumu kabisa: nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za ramani yenyewe, moja ni ya watumiaji wanaoacha maoni mle ndani. Neno "rahisi" lililoandikwa kwa kijani juu ya njia yetu silipi hata nusu nyota.

Tulikuwa wanne: mimi, dada yangu, mwanawe wa miaka saba, na mama yetu, ambaye magoti yamemsumbua kwa muda mrefu. Tulitaka kutoka asubuhi, tuyaone maporomoko ambayo kila mtu hupiga picha mbele yake, turudi kabla ya giza. Programu ikanionyesha njia ya kilomita 6 kwenda na kurudi, mita 240 za kupanda, muda wa saa 1 na dakika 40. Nikawahakikishia wenzangu kwamba adhuhuri itatukuta tumeshamaliza.

Tulitembea kwa saa 3 na dakika 25, na hapo sijahesabu muda tuliokaa kwenye maji.

Programu haikudanganya, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Muda iliotoa unakaribiana na kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Piga hesabu ya njia yetu, utapata saa 1 na dakika 36. Ila Naismith alikuwa mpanda milima, na hesabu yake ni ya mtu mkakamavu asiyesimamasimama. Haimjui mtoto anayechungulia chini ya kila jiwe. Haimjui mtu anayeshuka ngazi za mawe moja moja, mguu huu kwanza, wa pili umfuate. Tulipokaa kupumzika mara ya tatu, mama alinitazama akasema, "Hiyo simu yako haina magoti."

Kosa kubwa lakini lilikuwa langu. Programu ina grafu ya mwinuko, na kwa njia yetu mstari wake ulishuka hadi katikati, ukapanda tena. Niliuona usiku wa kuamkia safari nikafurahi: kumbe tunaanza na mteremko! Sikujiuliza tutarudije. Maporomoko mara nyingi huangaliwa kutoka chini, korongoni. Kama gari linaachwa juu, mpando karibu wote unakungoja wakati wa kurudi, miguu imelegea na chupa za maji ziko nusu. Kwenye kilima cha kawaida, aliyechoka anageuka na kushuka. Hapa aliyechoka ndiye anayetakiwa kupanda. Tena ningeikuza ramani kidogo ningeona mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, imesongamana upande mmoja, yaani hapo ni mwinuko mkali: zaidi ya nusu ya mwinuko wote ulikuwa kwenye kilomita ya mwisho kabla ya maji. Jumla ya mita haikuambii hayo.

Maoni ya watumiaji ndiyo yaliyotuokoa. Kwa kawaida programu huyaweka mbele yale yaliyopendwa zaidi, na yote yalikuwa ya sifa tupu, pamoja na picha za maporomoko yakiwa yamefura kwa mvua. Nilipoyapanga kuanzia mapya, nikakuta la siku tisa zilizopita: daraja dogo la mbao limevunjika, watu wanavuka kwa kukanyaga mawe, na maji yamepungua sana kuliko picha zinavyoonyesha. Kwa ajili ya sentensi hizo tulibeba fimbo mbili na viatu vya kubadilisha. Mama alivuka akiwa na fimbo mkono mmoja na bega la dada mkono wa pili, bila hofu. Nyota moja nzima ni ya huyo mtu, popote alipo.

Ramani nayo ilifanya kazi yake. Niliipakua nyumbani, nikaiweka simu kwenye hali ya ndege tulipofika. Wengi hudhani pasipo mtandao hakuna GPS, lakini simu hupokea tu mawimbi ya setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu, haihitaji mnara. Kinachomaliza betri haraka ni simu kutafuta mtandao usiokuwepo. Tulirudi na asilimia 61. Kasoro ilijitokeza korongoni: nukta ya bluu ilianza kurukaruka, mara ng'ambo ya mto, mara juu ya jabali. Kuta za mwamba huziba sehemu ya anga na kurudisha mawimbi kama mwangwi, simu ikachanganyikiwa. Mwisho wa siku rekodi ilidai tumetembea kilomita 7.3. Mpwa wangu anaamini hiyo hadi leo, na sina moyo wa kumsahihisha.

Sikupenda kabisa sehemu ya hali ya hewa. Utabiri unaoonyeshwa ni wa pale njia inapoanzia, wakati maji ya maporomoko yanatoka juu, labda mbali sana. Anga linaweza kuwa jeupe juu yako na mto ukajaa kwa mvua iliyonyesha milimani. Ilibidi nitafute mwenyewe utabiri wa maeneo ya juu ya mto, na pale chini tuliyaangalia maji kila mara. Yakigeuka rangi ya udongo ghafla, yakileta vijiti na majani, au mngurumo ukiongezeka, unatoka bila kukusanya vitu. Programu ina nafasi ya kutosha kunikumbusha kupiga picha machweo. Onyo hilo la maji ingeshindwa nini kulitoa?

Jambo jingine ambalo ramani haina: kelele. Karibu na maporomoko huwezi kumsikia mtoto aliye hatua kumi nyuma yako. Tulikubaliana ishara za mikono kabla hatujafika, na kwamba hakuna anayekanyaga mawe yanayopigwa na manyunyu, kwani utando wa kijani juu yake unateleza kuliko sabuni. Wala hatukukaa chini kabisa ya maji yanayoanguka. Huko juu mto unaweza kuangusha jiwe au gogo wakati wowote, nalo halibishi hodi.

Ukitaka kuijaribu, kupakua ramani kumo kwenye toleo la kulipia tu. Majaribio ni ya bure kwa wiki moja, kisha wanaanza kukata pesa wenyewe. Kitufe cha kusitisha nilikitafuta kwa dakika kumi, nikakipata ndani ya menyu ya tatu.

Sikukibonyeza lakini. Nimeshapakua njia nyingine, ya kuzunguka ziwa, mita 30 tu za kupanda. Nayo imeandikwa "rahisi". Mama ameomba aione grafu kwanza.