The Martian: anza na kitabu, kisha tazama filamu

Kwa wapenzi wa hadithi za kisayansi hapa Mwanza wanaojiuliza waanze na riwaya ya Andy Weir au na filamu ya Ridley Scott ya mwaka 2015, ninashauri waanze na kitabu. Utamu wa kisa cha Mark Watney, mwanaanga aliyeachwa Mars akidhaniwa amekufa, umo katika hesabu zake. Anapohitaji maji ya kustawisha viazi, huchukua haidrazini (mafuta ya roketi) iliyobaki katika chombo cha kutua, huitenganisha kwa kichocheo ili apate haidrojeni, kisha huichoma kidogo kidogo pamoja na oksijeni ili yatokee maji. Nasi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, ambako maji tunayaona kila tuamkapo, tunaisoma sehemu hiyo kwa shauku ya pekee. Filamu huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache na mlipuko mmoja.

Lililonisikitisha zaidi ni safari ndefu ya kuelekea kasoko ya Schiaparelli, kuliko na chombo cha kumwondoa Mars. Kitabuni, Watney hukabiliwa na dhoruba ya vumbi inayopunguza nguvu za paneli zake za sola, na baadaye gari lake hupinduka, hali ya kuwa hana mawasiliano na Dunia kwa sababu ameiunguza kwa bahati mbaya Pathfinder, chombo cha zamani cha NASA alichokuwa akikitumia kuwasiliana. Filamuni hayo yote yamekatwa.

Hata hivyo, jangwa la Wadi Rum nchini Jordan, lililotumika kuonyesha Mars, linapendeza mno, na Matt Damon ameuonyesha upweke kwa kina ambacho utani mwingi wa kitabuni hukificha. Sikuridhika na Watney wa filamuni kutoboa glavu ya vazi lake la anga ili hewa inayotoka imsukume angani; kitabuni analipendekeza wazo hilo, na kamanda wake analikataa.