Pampu ya kupimia rejeta: 4,500 iliyonitoa kwa mafundi wa kubahatisha

Jamani mwenye Probox, Fielder ama gari lolote linalokunywa maji na chini huoni hata tone, soma hapa kwanza kabla hujampa fundi hela.

Langu ni Probox, kazi yake Malindi–Mombasa kila wiki, kilomita kama 120 kwenda tu, na mzigo nyuma. Miezi miwili nzima nikifika Mtwapa nafungua boneti nakuta kulanti, yale maji ya kupoza injini, kwenye kile kichupa imeshuka chini ya alama, najaza, nikirudi nyumbani imeshuka tena. Asubuhi nainama chini ya gari, mchanga mkavu. Fundi wa kwanza kasema rejeta imetoboka, tutie ile dawa ya kuziba. Nikakataa, mana ile huziba tundu na ikaziba na vinjia vya rejeta na hita pia, halafu utalia mara mbili. Wa pili kasema ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, na kasema kwa uhakika kabisa, kikombe cha kahawa mkononi, hata mfuniko hajafungua. Gasketi ya hedi bana! Hiyo si hela ya mchezo.

Basi nikiwa Mombasa nikapita duka moja la spea nikainunua hii pampu, shilingi 4,500 baada ya kubishana sana. Ni kama pampu ndogo ya baiskeli yenye geji juu, inakuja kwa kisanduku na vifuniko vya saizi tofauti vya kuvalisha mdomo wa rejeta. Chapa sitaji kwa sababu sijaiona, maandishi yote Kichina.

Kuitumia si kazi. Injini iwe baridi, baridi kabisa, ukifungua ule mfuniko injini ikiwa moto utaungua uso sitanii. Jaza maji mpaka juu, valisha kifuniko kinachokaa, halafu piga pampu mpaka ile presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wako wa rejeta. Wangu umeandikwa 1.1, hiyo ni bar, kwenye geji ya psi ni kama 16. Usipite hapo ukapasua hosi ukaja kunilaumu mimi. Kisha kaa kando ungoje robo saa. Sindano ikitulia hakuna kinachovuja, ikishuka kuna mahali patoka maji, na uzuri wake ni kwamba sasa yanatoka injini imezimwa, feni haizunguki, waingiza kichwa na tochi bila kuogopea vidole. Barabarani yale matone yakiangukia injini ya moto hukauka papo hapo ndio mana mimi nilikuwa nainama chini kila asubuhi nakagua mchanga bure.

Mara ya kwanza sindano ilianguka mbio moyo ukanipasuka, nikajua gasketi ni kweli. Kumbe raba ya kile kifuniko chao haijakaa sawa! Nikaivua nikaipaka maji nikaivalisha upya, sasa ikawa yashuka pole pole, 16 mpaka 12 kwa dakika kumi. Nikaanza msako. Hosi ya juu kavu, ya chini kavu, rejeta kavu, zulia la mbele ndani ya gari nikalishika pia (hita ikivuja maji huingia humo), kavu. Nikamulika nyuma ya puli ya wotapampu, ile inayozungusha maji ndani ya injini, upande wa dereva. Tone la waridi, rangi ya kulanti. Likadondoka, likaja lingine.

Latoka kwenye kitundu chini ya wotapampu, na kile kitundu msidhani ni ubovu, kimewekwa makusudi, sili ya ndani ikichoka maji yapitie pale badala ya kuingia kwenye beringi. Na pale chini yake palikuwa na ukoko mkavu wa waridi kama chaki ambao nimeuona sijui mara ngapi nikidhani ni vumbi.

Nikaita fundi wa tatu nikamwonyesha kwa kidole, akacheka, "Kaka, wewe ushamaliza kazi, mimi nabaki na spana tu." Wotapampu mpya na gasketi yake, na mkanda wa feni tukabadilisha kabisa kwa sababu ulilowa kulanti ukawa wapiga kelele. Hedi haikuguswa. Safari nne sasa na kichupa kiko pale pale.

Jambo jingine, pampu hii hupima na mfuniko wenyewe, kuna kipande cha kuuunganisha. Wangu ulikuwa washika psi 8 tu! Na ile presha ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100, kwa bar 1.1 yafika kama nyuzi 120. Mfuniko ni bei ya chakula cha mchana, badilisheni. Na tafadhalini maji ya kisima ya huku kwetu msitie kwenye rejeta, ni chumvi tupu, yala chuma.

Ubaya wake: paipu yake fupi, raba zake nimeshazisema, na kwa Volkswagen ya jirani hamna kifuniko hata kimoja kilichoingia. Halafu kama gari lako lavuja likiwa moto peke yake, hii haitakuonyesha kitu maana wapima injini baridi. Nyota nne.

Ubaya mwingine si wa pampu, ni wa watu. Mtaa mzima umeshajua ninayo. Hivi sasa iko kwa jamaa mmoja Mambrui tangu Jumatatu, alisema ni ya saa moja tu, na simu hashiki.